Supanova ya NGC 3621: bonde hili ni la silikoni au la haidrojeni?

Isevya_Fizikia (Tabora)

Habari zenu, wana jukwaa. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Tabora, na tangu mvua zilipokatika mwezi huu wa Mei 2024 nimekuwa nikiifuatilia supanova (nyota iliyolipuka) SN 2024ggi pamoja na wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Wengi wenu mnafahamu kwamba iligunduliwa na ATLAS, mradi wa kuchunguza anga kwa darubini, tarehe 11 Aprili katika galaksi ya NGC 3621, kwenye kundi la nyota la Hydra, umbali wa takriban miaka-nuru milioni 22, na kwamba wataalamu waliokwisha kuipima kwa spektroskopia, yaani kwa kuutawanya mwanga wake, wameiweka katika Aina ya II, ile yenye haidrojeni. Sitaki kuwapa wanafunzi jibu hilo mkononi. Ninataka walifikie wenyewe kwa mwanga tulioukusanya hapa uwanjani, nao wakifika kwingine wanieleze kwa nini.

Tunatumia darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 200 iliyokaa kwenye stendi ya altazimuthi (inayogeuka juu-chini na kushoto-kulia) yenye mota, pamoja na kamera ndogo isiyo ya rangi yenye pikseli 1280 kwa upana, kila pikseli ikiwa na mikrometa 3.75. Mbele ya kamera tumefunga gretingi ya mistari 100 kwa milimita, kile kioo kinachofungwa kama kichujio na kuutawanya mwanga wa nyota kuwa utepe, yaani spektra. Hatuna spektroskopu yenye mwanya. Tunapiga picha za sekunde 30 kisha tunazijumlisha. Nyota yenyewe inabaki kama nukta upande wa kushoto wa picha, na spektra yake inatandazwa kulia.

Tukichora grafu ya utepe huo tunaona kilima kipana kilichosimama wazi, kilele chake kikiwa pikseli 822 kutoka kwenye nukta ya nyota, na mara tu kushoto kwake kuna bonde ambalo kina chake kiko pikseli 800. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Ukubwa wa kila pikseli kwa angstromu (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) unategemea umbali kati ya gretingi na kihisi cha kamera, lakini rula haikifikii kihisi kilichofichwa nyuma ya kioo, kwa hiyo tunachoweza kusema ni kwamba umbali huo uko kati ya milimita 45 na 50. Kwa milimita 50 kila pikseli ni angstromu 7.5, na bonde linaangukia 6000. Kwa milimita 45 ni angstromu 8.33, na bonde linakwenda hadi karibu 6670. Nusu ya darasa wanasema ni silikoni, ambayo katika supanova za Aina ya Ia, zisizo na haidrojeni, huonekana karibu na 6150, kwa hiyo hii ni Ia. Nusu nyingine wanasema ni haidrojeni. Kwa vipimo tulivyo navyo, pande zote mbili zina haki ya kubisha.

Ninaomba msaada katika mambo mawili: namna ya kupata kipimo cha uhakika bila vifaa vya gharama, na namna ya kuzuia utepe wetu kufifia na kuchafuka tunapojumlisha picha za muda mrefu.

---

Ujiji_Usiku (Kigoma)

Mwalimu, hongera kwako na kwa vijana. Rula iweke kando kabisa, kwa sababu kipimo unachokihitaji kiko angani na hakiuzwi. Elekeza darubini kwenye Regulus, ambayo jioni za mwezi huu iko juu sana kwetu. Ni nyota ya daraja B, yaani ya moto sana, na spektra yake ina mistari myeusi ya haidrojeni inayoonekana bila shida: 6563, 4861, 4341 na 4102. Nyota hiyo haina mwendo wa kutisha wa kuisogeza mistari yake kwa kiasi ambacho gretingi yako inaweza kukihisi, kwa hiyo mistari hiyo iko mahali pake. Piga picha fupi, hata chini ya sekunde moja, maana inang'aa sana na usipoangalia kihisi kitajaa. Pima kutoka kwenye nukta ya nyota hadi kila mstari, gawanya angstromu kwa pikseli, na jibu utakalolipata ndilo kipimo chako. Sharti ni moja tu: kati ya Regulus na supanova usiiguse gretingi, usiizungushe kamera, wala usiichomoe. Ukifungua kamera hata mara moja, kipimo kimekufa na lazima urudi Regulus.

Kuna hakikisho la pili ambalo watu wengi hulisahau. Oksijeni ya hewa yetu hukata bonde lake lenyewe karibu na 7605 katika spektra ya kila kitu tunachokitazama, na bonde hilo halijali supanova inakimbia kwa kasi gani, kwa sababu linatengenezwa hapa hapa juu ya vichwa vyetu. Ukilikuta katika spektra ya supanova mahali ambapo kipimo cha Regulus kinasema linapaswa kuwa, umemaliza ubishi wa pikseli.

Kuhusu utepe kufifia, chanzo ni stendi. Stendi ya altazimuthi inafuata nyota lakini inaliacha anga lizunguke ndani ya picha, na spektra yako huzunguka nalo. Kwa latitudo yetu ya nyuzi 5 kusini, NGC 3621 inapopita meridiani (mstari wa anga wa kaskazini hadi kusini) ikiwa nyuzi 62 juu ya upeo, anga huzunguka kwa takriban nyuzi 32 kwa saa. Ukingoja hadi imeshuka kidogo kuelekea kusini-magharibi, yaani kama saa nne usiku kwa majira haya, mzunguko unapungua hadi karibu nyuzi 18 kwa saa. Katika picha moja ya sekunde 30 hilo halina madhara, lakini ukijumlisha picha za saa nzima kwa kulinganisha nyota moja tu, mikia ya spektra itatawanyika mithili ya upepeo. Programu yako ilinganishe nyota mbili au tatu, na izungushe kila picha kabla ya kujumlisha. Au jumlisha makundi mafupi ya dakika kumi, toa grafu ya kila kundi, kisha jumlisha grafu badala ya picha. Mimi napendelea njia hii ya pili.

Utaambiwa ununue stendi ya ikweta, ile inayozunguka sambamba na mhimili wa dunia. Kabla hujatoa fedha, hakikisha inaweza kuinamishwa hadi nyuzi 5, kwa maana nyingi zimeundwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani na hukwama zikiwa bado ziko juu mno. Tena Polaris, nyota ya kaskazini ambayo wao huitumia kuisawazisha, kwetu iko chini ya upeo. Kwa kazi unayoifanya, stendi uliyo nayo inatosha.

Ninyi wa Tabora mna bahati moja ambayo sisi hatuna. Huku wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku usio na mwezi, usiku uleule tunaoutaka sisi, na Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu. Kadiri galaksi hiyo inavyoteremka ndivyo inavyokwenda kukaa juu ya safu ya taa zao. Siwalaumu, wao wako kazini.

---

Isevya_Fizikia (Tabora)

Ahsante sana, ndugu wa Ujiji. Jana anga lilikuwa safi tukafanya kama ulivyoelekeza. Katika Regulus, mstari wa 4861 uko pikseli 608 kutoka kwenye nukta, na ule wa 6563 uko pikseli 820. Vyote viwili vinatoa angstromu 8.0 kwa pikseli, ambayo ni sawa na umbali wa milimita 47 hivi kati ya gretingi na kihisi. Bonde la oksijeni katika supanova yenyewe lipo, ingawa ni hafifu, karibu na pikseli 950.

Basi bonde letu liko 6400 na kilima kiko karibu 6576. Wanafunzi wa upande wa haidrojeni wameshangilia, lakini wa upande wa silikoni hawajakubali, na hoja yao si ya kudharau: wanasema 6400 haiko mbali sana na 6355, ambao ndio mstari wa silikoni wenyewe, kwa hiyo huenda ni silikoni isiyo na mwendo mkubwa. Ningependa wajibiwe na mtu mwingine kabla sijawajibu mimi.

---

Kitete_Anga (Tabora)

Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilisoma fizikia na bado ninaishi hapa mjini, kwa hiyo nimefurahi kuona jambo hili linafanyika karibu. Hoja ya vijana ina jibu, na jibu liko katika upande ambao bonde limesogea.

Bonde katika spektra ya supanova hutokana na gesi iliyo mbele ya mlipuko, yaani ile inayotujia, ambayo hunyonya mwanga wa nyuma yake. Kwa kuwa gesi hiyo inatujia kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, mstari wake husogezwa kuelekea buluu, yaani kwenye namba ndogo za angstromu. Silikoni ya 6355 katika supanova ya Ia hupatikana karibu na 6150 kwa sababu hiyo. Tofauti ya angstromu 205 ni sawa na takriban kilomita 9,700 kwa sekunde. Sasa bonde lenu liko 6400, namba iliyo kubwa kuliko 6355. Ili liwe la silikoni, gesi hiyo ingepaswa kutukimbia kwa kilomita zaidi ya 2,000 kwa sekunde. Galaksi yenyewe inatukimbia kweli, lakini kwa kilomita 730 hivi tu, ambazo zinasogeza mistari kwa angstromu 16, sawa na pikseli mbili zenu. Hazitoshi, tena bado tungebaki tunatafuta gesi inayotujia.

Mkitazama kwa macho ya haidrojeni, kila kitu kinakaa mahali pake. Mstari wa 6563 ukisogezwa na mwendo wa galaksi unafika 6579, na kilele cha kilima chenu kiko 6576, chini ya pikseli moja. Kilima hicho ni mwanga wa gesi inayotanuka pande zote, na bonde lililo kushoto kwake ni gesi ileile iliyoko upande wetu. Kilima chenye bonde upande wa buluu ni alama inayojulikana tangu zamani kwa jina la nyota ya P Cygni, na ni ushahidi wa kitu kinachotanuka. Kutoka 6579 hadi 6400 ni angstromu 179, yaani takriban kilomita 8,200 kwa sekunde. Pikseli moja ya makosa katika kusoma ni kilomita 365, kwa hiyo wafundishwe kuandika 8,200 pamoja na shaka yake, wasijivunie tarakimu zaidi ya hapo.

Bado ningewaomba kitu kimoja kabla ya kufunga. Mstari mmoja hautoshi kuhukumu. Kama ni haidrojeni, basi mstari wa 4861 nao lazima uwe na bonde lake upande wa buluu, pengine kati ya pikseli 590 na 596. Wakilikuta, mjadala umekwisha. Wasipolikuta, upande wa silikoni wana haki ya kuendelea kuuliza.

Kuna jambo ambalo vijana wako wanaweza kushangazwa nalo, nalo ni kwamba gretingi ya bei ndogo inatosha kwa kazi hii wakati haitoshi kwa nyota nyingi za kawaida. Mistari ya nyota tulivu ni myembamba, na ili kupima mwendo wake inahitajika spektroskopu kali. Mistari ya supanova ni mipana kwa mamia ya angstromu, kwa sababu gesi yake inakimbia kwa kasi zilizotofautiana sana. Kwa hiyo angstromu 8 kwa pikseli, ambazo kwa nyota nyingine zingekuwa duni, hapa hazipotezi chochote cha maana. Tatizo la supanova ni uhaba wa mwanga, na ndiyo maana hii iliyo kwenye daraja la 12 hivi la mng'ao imewezekana kwenu, ilhali nyingi zinazogunduliwa kila wiki ni hafifu mno kwa darubini ya milimita 200.

Ugawaji wenyewe wa Aina ya I na ya II ulifanywa na Rudolph Minkowski mwaka 1941 kwa swali lilelile ambalo darasa lako linaliuliza: je, haidrojeni ipo au haipo? Mengine yaliongezwa baadaye, yaani Ia yenye silikoni, Ib yenye heliamu lakini isiyo na haidrojeni, na Ic isiyo na vyote viwili. Aina inayosumbua ni IIb, ambayo huanza na haidrojeni kisha ikaipoteza na kuonyesha heliamu. SN 1993J katika galaksi ya M81, iliyogunduliwa na mwanaastronomia wa ridhaa wa Hispania, Francisco García Díaz, ndiyo mfano wake maarufu. Kwa hiyo spektra ya usiku mmoja inasema «Aina ya II» na inaishia hapo. Kinachoitenga na IIb ni spektra za wiki zinazofuata.

---

Mwanga_Juu (Kigoma)

Ninaafiki hesabu za dada wa Kitete, lakini nina tahadhari mbili ambazo naona zimerukwa.

Kwanza, NGC 3621 ni galaksi ya mikono yenye mawingu mengi ya gesi yanayotoa mwanga wa haidrojeni kwa 6563. Kwa kuwa hamna mwanya, kila wingu lililo karibu na utepe wenu linaingiza mwanga wake ndani yake, na linaweza kuwatengenezea kilima ambacho si cha supanova. Jaribio lake ni rahisi: zungusheni gretingi ili utepe uangukie upande mwingine wa galaksi, ikiwezekana upande wenye giza, kisha mpige tena. Kilima cha supanova kitabaki umbali uleule kutoka kwenye nukta. Cha wingu kitahama. Na mnapotoa mwanga wa nyuma, chukueni kipande cha juu na cha chini ya utepe, msichukue cha upande mmoja.

Pili, naona watu wakianza kuzungumzia kutuma matokeo. Ugawaji rasmi wa supanova hupelekwa kwenye mfumo wa Transient Name Server wa Muungano wa Kimataifa wa Astronomia, na supanova hii imekwisha kugawanywa tangu siku zake za kwanza. Ndiyo maana inaitwa SN. Kabla ya hapo ilikuwa AT, alama ya kitu ambacho bado hakijathibitishwa. Kutuma tena hukumu iliyokwisha kutolewa hakumsaidii mtu. Na mkitumia programu kama SNID, inayolinganisha spektra yenu na maktaba ya spektra za zamani, kumbukeni kwamba programu hiyo itawapa jibu hata mkiipa takataka.

---

Ujiji_Usiku (Kigoma)

Ndugu Mwanga, hoja ya mawingu ya gesi naipokea kwa mikono miwili, na Mwalimu aifanyie kazi. Hiyo ya kutuma sikubaliani nayo yote. Hukumu imekwisha kutolewa, ni kweli, lakini supanova hubadilika. Siku za kwanza za SN 2024ggi, na za SN 2023ixf iliyogunduliwa na Koichi Itagaki wa Japani mwaka jana katika M101, zilionyesha mistari myembamba iliyotokana na gesi ambayo nyota ilikuwa imeimwaga kabla ya kulipuka, na mistari hiyo ilipotea baada ya siku chache tu. Darubini kubwa hazikai juu ya kitu kimoja kila usiku, na ikiwa Chile kuna mawingu, hakuna mtu anayejua nani mwingine anatazama. Hazina za spektra za vyama vya astronomia vya AAVSO ya Marekani na BAA ya Uingereza hupokea kazi za wanaastronomia wa ridhaa, na mfululizo wa wiki kadhaa kutoka longitudo ya Tabora ungekuwa na thamani hata kama kila spektra peke yake ni ya kawaida.

Nitakachomwomba Mwalimu ni asitume kitu kabla ya kusahihisha mwitiko wa kamera. Kamera haioni buluu na nyekundu kwa nguvu sawa, na hewa nayo inakula buluu zaidi kadiri nyota inavyoshuka. Chukua Regulus ikiwa kwenye kimo kile kile na supanova, igawanye kwa spektra ya kawaida ya nyota ya aina yake, na utumie mchoro huo kusawazisha utepe wako. Ikifika Agosti na watu wakianza kuchoma mapori, moshi wa Tabora utawalazimu kulifanya hilo kila usiku.

---

Isevya_Fizikia (Tabora)

Ninawashukuru wote. Tumezungusha gretingi kwa karibu robo ya duara, tukaanza saa nne usiku ili kupunguza mzunguko, na tukajumlisha grafu za makundi ya dakika kumi. Kilima kimebaki pikseli 822, kwa hiyo ni cha supanova. Pembeni ya utepe kulitokea nukta ndogo yenye mng'ao ambayo haikuwa na bonde lolote. Nadhani ndilo wingu alilolisema ndugu Mwanga, na kabla ya kuzungusha lilikuwa limelala karibu sana na kilima chetu.

Bonde la mstari wa 4861 limepatikana, pikseli 593, yaani 4744. Wanafunzi wameusogeza mstari kwa mwendo wa galaksi hadi 4873 na wakapata kasi ya kilomita 7,900 hivi kwa sekunde. Mmoja ameuliza kwa nini haikutoka 8,200 kama ya kwanza, mwenzake akamjibu kwamba hapa pikseli moja ni kilomita karibu 490, hivyo tofauti hiyo iko ndani ya shaka. Kiongozi wa upande wa silikoni ameandika kwa mkono wake ubaoni: Aina ya II, IIb haijaondolewa.

Swali langu la mwisho ni la kiutendaji. Tukitaka kuanza kuhifadhi spektra zetu kwa namna ambayo baadaye zinaweza kupokelewa kwenye hazina hizo, kila faili liwe na nini ndani yake?

---

Ujiji_Usiku (Kigoma)

Hifadhi kwa FITS, muundo wa faili unaotumiwa na wanaastronomia, na usifute picha ghafi hata diski ikijaa, kwa sababu anayetilia shaka grafu yako atataka kuziona. Ndani ya kichwa cha faili andika jina la supanova, kipenyo cha darubini, mistari ya gretingi, angstromu kwa pikseli, muda wa kila picha na idadi yake, latitudo na longitudo ya uwanja wenu, pamoja na nyota mliyoitumia kusawazisha. Muda uandikwe kwa saa ya ulimwengu, tena uwe wa katikati ya mfululizo wa picha na si wa mwanzo. Hapo vijana waangaliwe kwa makini: saa nne usiku ya Tabora ni saa 22:00 ya Afrika Mashariki, ambayo ni saa 19:00 ya ulimwengu, na wakianza baada ya saa tisa usiku tarehe ya ulimwengu itakuwa sawa na ya kwetu, lakini kati ya saa sita na saa tisa itakuwa bado ni ya jana.